Rolande Sirois, Aliyewaandaa Watoto Wetu Kuondoka

Ijumaa ya tarehe 16 Juni 2023, saa tisa alasiri, Bi. Rolande Sirois atafunga mlango wa chumba namba 9 cha Shule ya Sekondari ya Val-Cyrille, mji wetu wa wakulima wa viazi, na kukabidhi ufunguo ofisini. Siku hiyo atakuwa ametimiza miaka thelathini na sita ya utumishi, yote katika shule moja na chumba kimoja. Hata samani ni zilezile, ukiacha kiti kilichovunjika mwaka 2002 kikiwa kimekaliwa na mzazi mmoja ambaye sitamtaja, kwa kuwa atakuwepo ukumbini kwenye sherehe ya kumuaga.

Alikuja kwetu Agosti 1987 akiwa na umri wa miaka ishirini na minane, pamoja na mumewe Gérald, dereva wa malori ya mbao, na mtoto mchanga aliyeitwa Luc. Tangu wakati huo wanafunzi 1,340 wamehitimu hapa. Kila mmoja alipita katika chumba namba 9, wengi kwa hiari, wachache kwa kushikwa mkono.

Cheo chake ni mshauri wa wanafunzi. Watu wengi wa mjini hudhani kazi hiyo ni kujaza fomu za chuo wakati wa vuli, mtoto akiwa darasa la kumi na mbili. Naomba nieleze kidogo, maana nimefundisha historia katika chumba cha jirani kwa miaka thelathini na mmoja, na ukuta wetu ni mwembamba.

Rolande aliamini kwamba safari ya chuo huanza wiki ya kwanza ya darasa la tisa, siku mtoto anapochaguliwa somo la hesabu. Asiyeanza aljebra mwaka huo hatazifikia hesabu za juu kabla ya kuhitimu, na vyuo vingi havitamwangalia mara mbili. Kwa hiyo kosa lililofanywa na mtoto wa miaka kumi na minne kwa uvivu wa dakika tano hulipwa na kijana wa miaka kumi na minane. Darasa la kumi ulikuwa mwaka wa mazoezi ya mtihani wa kuingilia chuo, na wa kusoma kitabu kimoja ambacho hakuna mwalimu aliyekiagiza. Darasa la kumi na moja ulikuja mtihani wenyewe, Jumamosi moja ya Machi, katika mji ulio umbali wa saa nzima kwa gari. Rolande aliwaendesha mwenyewe katika basi dogo la shule, theluji ikianguka, na kila mtoto akiwa na penseli tatu na yai la kuchemsha. Darasa la kumi na mbili zilibaki barua, insha na bahasha. Ukifanya miaka mitatu ya kwanza vizuri, alisema, wa nne ni kazi ya posta tu.

Kila mtoto wa darasa la tisa aliulizwa swali moja: "Ungependa kujua nini ambacho hakuna mtu wa Val-Cyrille anayeweza kukufundisha?" Mvulana mmoja alifikiri sana, akajibu: "Kuogelea." Rolande aliandika hivyo hivyo kwenye jalada lake. Kisha akatafuta bwawa lililo karibu zaidi, kilomita sabini na tano, akawa anampeleka kila Alhamisi. Kijana huyo sasa ni mwanabaolojia wa samaki huko Alaska.

Alikuwa na sheria moja iliyobandikwa mlangoni: MARUFUKU VIAZI. Chanzo chake ni mwaka 1994, pale wanafunzi kumi na mmoja walipoomba chuo kimoja na wote wakaandika insha kuhusu asubuhi za baridi shambani, vidole vinavyoganda na pipa la kwanza la viazi kujaa. Ofisa wa chuo alipiga simu. "Samahani, Bi. Sirois," aliuliza, "huyu ni mtoto yuleyule?"

"Hapana, bwana," Rolande akamjibu. "Ni viazi vilevile."

Niseme pia juu ya kosa la mwaka 1996, ambalo lilikuwa langu. Shule yetu hufungwa wiki tatu kila vuli ili watoto wavune viazi, na mji mzima huwa shambani, makatibu na walimu wakiwemo. Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo Rolande alinipa bahasha saba za maombi nizipitishe posta. Niliziweka garini. Jumatatu asubuhi gari langu liligeuka kuwa la kubebea magunia ya shemeji yangu, na tarehe 29 Oktoba, nilipokuwa nafagia udongo, nilizikuta bahasha saba chini ya gunia la mwisho. Zilitakiwa kufika vyuoni tarehe mosi Novemba.

Rolande hakupaza sauti. Alizipangusa kwa kiganja, akazipanga kwa mpangilio wa barabara, akawasha gari. Siku mbili alizunguka majimbo ya Massachusetts na Connecticut, akilala kwenye kiti cha nyuma, na zote saba alizikabidhi kwa mkono. Aliporudi aliniambia jambo moja tu: "Normand, safari ijayo wewe beba viazi."

Sita kati ya saba walipokelewa. Nilifurahi sana wakati ule, kama mtu aliyesamehewa. Baadaye nilianza kuyahesabu yale mengine. Hakuna hata mmoja kati ya wale sita anayeishi hapa. Nyumba mbili walikotoka zimehamwa na kupigiliwa mbao madirishani. Yule wa saba, aliyekosa nafasi, ndiye daktari wetu wa meno.

Hili ni jambo ambalo hotuba za kuaga huliruka, na mimi sitaliruka, kwa sababu Rolande mwenyewe hakuwahi kuliruka. Alipoanza kazi darasa la wahitimu lilikuwa na watoto sabini na mmoja. Mwaka huu ni kumi na wanne. Kadiri alivyoifanya kazi yake vizuri ndivyo shule ilivyopungua, na yeye ndiye aliyekuwa akiandika hesabu hizo kwa mkono wake kila Juni. Miaka minane iliyopita, katika duka la vifaa vya shamba, mtu mmoja alimwambia mbele ya watu: "Rolande, wewe ni mashine bora ya kuvunia kuliko zote za kaunti hii. Unang'oa, unapakia, unapeleka kusini." Watu walicheka. Naye alicheka. Kisha akatoka, akaacha glavu zake juu ya kaunta, na nje kulikuwa na baridi ya kupasua mawe.

Mwanawe Luc aliondoka mwaka 2004. Kwa taratibu zetu mshauri hamwandikii mtoto wake mwenyewe barua ya kumpendekeza, kwa hiyo niliiandika mimi. Lakini bahasha aliilamba na kuifunga Rolande. Luc alipata chuo Oregon, upande wa pili wa nchi, akabaki huko, akaoa huko. Gérald alifariki mwaka 2011. Tangu hapo Rolande amekuwa akila chakula cha mchana chumbani mwake, mlango ukiwa wazi, na kengele ya mwisho ikilia haondoki upesi. Nilimsikia mara nyingi akiyapanga majalada ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. Sikuwahi kugonga. Nilidhani ni heshima. Leo sina hakika.

Sasa nifike kwenye mwaka huu wa mwisho, na kwa Mireille Lagasse. Mireille na baba yake wameniruhusu kueleza.

Mireille ni mtoto pekee wa Adrien Lagasse, mkulima wa viazi wa barabara ya juu. Mama yake alifariki Mireille akiwa na miaka sita. Katika darasa la tisa alikuwa amejiandikisha hesabu nyepesi, kwa sababu zilimwachia saa moja ya kurudi nyumbani mapema kupika. Rolande alimhamishia aljebra. Adrien alikuja shuleni na buti zake za matope kulalamika. "Hesabu gani zaidi?" aliuliza. "Anajua kuhesabu mapipa." Miaka mitatu baadaye binti huyo alikuwa amemaliza hesabu zote tulizo nazo, na mwalimu wake alikuwa akimwazima vitabu vyake mwenyewe vya chuoni.

Mwezi Machi chuo kimoja cha Minnesota, mbali sana na hapa, kilimkubali, kwa ufadhili kamili. Alitakiwa kuthibitisha kabla ya siku ya tarehe mosi Mei kwisha. Baada ya hapo nafasi ingekwenda kwa mwingine. Jumatatu ya tarehe 24 Aprili aliingia chumba namba 9 akakaa.

"Bi. Sirois, nimeamua. Nitasoma chuo cha hapa karibu. Dakika arobaini tu, nitakuwa narudi kulala nyumbani."

"Chuo cha karibu ni kizuri," Rolande akamwambia. "Nimepeleka watoto mia nne pale. Wanafundisha hesabu unazozitaka?"

"Hapana."

"Basi kwa nini?"

"Baba hawezi kupika hata chapati za ploye. Ataishi kwa mayai. Atakaa pale mezani peke yake, aangalie ukuta." Kisha akasema kwa haraka: "Na usimwambie chochote, tafadhali. Nilishamwambia Minnesota wamenikataa."

Kwa miaka thelathini na sita Rolande alikuwa na jibu kwa kila sababu ya mtoto kutokuondoka. Kwa hofu alikuwa na jibu, kwa ada alikuwa na fomu, kwa mchumba alikuwa na kicheko kimoja kilichotosha. Kwa meza yenye mtu mmoja hakuwa na jibu, kwa kuwa alikuwa akiijua. Alimwambia Mireille kwamba siri ya mwanafunzi ni ya mwanafunzi, na kwamba hatamwambia baba yake. Akamruhusu aende darasani.

Jumatano alasiri alivunja desturi yake ya kutokwenda majumbani kwa wanafunzi. Alimkuta Adrien ghalani, akikata viazi vya mbegu, akiacha macho mawili ya kuchipua kwa kila kipande.

"Rolande! Umepotea njia?" Adrien akasema. Kisha uso ukamshuka. "Nimesikia ya Minnesota. Wajinga wale. Watakuja kujuta."

Rolande alisimama pale mlangoni. Neno moja tu lingetosha kumrudishia Mireille nafasi yake, na neno hilo alikuwa ameahidi kutolisema.

"Sikuja kwa habari za chuo," akasema. "Nimekuja kukuuliza swali. Unajua kupika nini?"

"Mimi? Mayai."

"Na nini tena?"

Adrien akafikiri. "Mayai mengine."

"Nawa mikono," Rolande akamwambia. "Twende jikoni."

Alimfundisha ploye, zile chapati zetu laini za matundu ambazo kila nyumba ya bonde hili huzila na maharage, na siagi, na karibu kila kitu. Adrien alikoroga unga kama anayechanganya saruji. Ya kwanza ilipoanza kukauka alichukua mwiko, akataka kuigeuza.

"Haigeuzwi, Adrien."

"Haigeuzwi?"

"Una miaka hamsini na mitano, umezila tangu meno ya kwanza. Hujawahi kuona kwamba upande mmoja una matundu na mwingine hauna?"

"Nilikuwa nazipaka siagi, sikuwa nazikagua."

Waliendelea hivyo mpaka rundo likawa la sahani nzima. Ya tisa ilitoka nzuri. Adrien aliitazama ikiwa bado kikaangoni, kisha akasema bila kugeuka: "Mwanamke hatoki shuleni kwake kuja kumfundisha mwanamume mzima kupika, kama binti yake atakuwepo nyumbani kupika." Rolande alipangusa meza. "Hawakumkataa, sivyo?"

"Punguza moto," Rolande akamjibu. "Unaunguza." Akavaa koti lake, akaondoka.

Mireille aliporudi alikuta meza imeandaliwa. Baba yake alimsogezea sahani. "Kula," alisema. "Halafu unieleze jinsi walivyokukubali." Mireille akaanza kulia. "Usilie juu ya chakula changu cha kwanza," Adrien akamwambia. "Ni kibaya, lakini si kwa kiasi hicho." Walizungumza mpaka chakula kikapoa. Mireille alisema hatakwenda. Adrien alisema kwamba amevumilia majira ya baridi ishirini ya mashine mbovu na bei mbaya, na hakuna hata moja lililomuua. Lakini binti aliyebaki kwa ajili ya mayai yake, hilo lingemuua.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe mosi Mei, wote wawili walikuja chumba namba 9. Mireille alithibitisha nafasi yake kwenye kompyuta ya Rolande. Ilikuwa kubonyeza mara moja tu. Kwa kazi ya miaka minne, sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya penseli kuanguka. Rolande alimpa mkono, kama anavyompa kila mtoto, akamwambia awahi kipindi cha pili.

Adrien hakuondoka. Alisimama na kofia mkononi.

"Haya," alisema. "Yeye umemwandaa miaka minne. Mimi nina miezi mitatu na nusu. Nifanye nini?"

Nilikuwa upande wa pili wa ukuta nikisahihisha madaftari, na swali hilo nililisikia. Wazazi waliopita chumba kile katika miaka hiyo yote walikuwa zaidi ya elfu mbili. Walikuwa wameuliza kuhusu alama, mitihani, mabweni, hata mablanketi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza swali lile. Kisha nikasikia kiti kikivutwa, na kalamu.

Karatasi aliyoiandika iko kwenye mlango wa friji ya Adrien. Ameniruhusu kuinakili hapa. Naiweka kwa sababu katika utumishi wake wote Rolande aliandika maelfu ya barua kuhusu watu wengine, na hii ndiyo pekee ninayoijua aliyoandika kutokana na maisha yake.

"Agosti. Mpeleke mwenyewe. Beba kilicho kizito, tandika kitanda akikuomba, uondoke kabla ya chakula cha jioni. Usisimamishe gari njiani mpaka utoke nje ya mji wao.

"Septemba. Mavuno yatakusaidia. Oktoba hakuna kitakachokusaidia, kwa hiyo panga kazi mapema. Kuna paa la kurekebisha? Liache mpaka Oktoba.

"Utapika chakula kingi mno kwa mwaka mzima. Si wazimu. Wape kuku.

"Mlango wa chumba chake uache wazi. Ukiufunga, utakuja kuogopa kuufungua.

"Akipiga simu usimuulize anarudi lini. Muulize amekula nini. Akisema ana haraka, mwamini.

"Mwisho wa Novemba atakuja likizo na atakuwa mgeni kidogo. Mpe siku moja. Usimwonyeshe ulichofanya ili usiwe mpweke, atajua.

"Siku moja atasema 'nyumbani' na atakuwa na maana ya kule. Usimsahihishe. Kata simu kwanza, ndipo ulie."

Mireille ataondoka tarehe 22 Agosti. Chumba namba 9 hakitapata mshauri mwingine. Bodi ya wilaya imeamua kwamba kuanzia Septemba wanafunzi wetu watazungumza na mshauri kupitia skrini, Jumanne na Alhamisi, kutoka mji mwingine. Ninamtakia mtu huyo kazi njema, na ninaomba mtu amwambie habari ya aljebra.

Bi. Sirois, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wahitimu 1,340, pamoja na baba na mama zao waliobaki katika nyumba hizi, tunakushukuru. Ulijua gharama ya kazi yako kuliko sisi sote, na bado hukumfanyia mtoto hata mmoja hila ili abaki. Mimi kwa upande wangu nakuomba radhi kwa miaka yote niliyosikia kupitia ukuta na nisigonge. Tunakutakia afya, usingizi mzuri, na mtu wa kula naye.

Normand Daigle
Mwalimu wa Historia